Korona Haikumpiga Mtu

Yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi tangu mwaka 2020, nayo husemwa na watu wazima wenye akili, hata na wazee wa kanisa, wala hawaoni haya kuyasema. Wasema, "Mambo yale yaliletwa na korona." Maana yao ni wanawake waliopigwa majumbani mwao, na watoto walionajisiwa na jamaa zao, katika miezi ile nchi ilipofungwa. Ati ugonjwa ulileta njaa, njaa ikaleta hasira, hasira ikaleta fimbo. Na sasa, kwa kuwa ugonjwa umepita, basi na tuyasahau. Sisi twayapinga maneno hayo, na leo twataka kueleza kwa nini twayapinga. Korona iliwaua watu kwa kuwaziba pumzi. Haikushika fimbo, haikufunga mlango kwa ndani, wala haikumwambia mtoto, "Ukimwambia mama yako utaona."

Tukumbushane mambo yalivyokuwa katika nchi ya Kenya, maana watu husahau upesi. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza marufuku ya kutoka nje usiku, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri, ambayo watu waliiita kafyu. Mwezi wa Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Makanisa yakafungwa, na misikiti pia. Mahakama zikapunguza kazi. Na waliokufa wakazikwa na watu wasiozidi 15. Hatuilaumu amri ile, kwa maana ugonjwa ulikuwa kweli. Lakini amri ilisimama juu ya neno moja ambalo hapana aliyelihoji, yaani ya kwamba nyumbani ni mahali pa salama. Kwa wengi ndivyo ilivyokuwa. Kwa wengine nyumbani ndimo alimokuwamo simba, na amri ikamfungia mtu pamoja naye.

Hazikupita siku nyingi habari zikatokea. Mapema mwezi wa Aprili Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, alisema ya kuwa katika majuma mawili tu makosa ya kujamiiana yameongezeka sana katika sehemu nyingi za nchi, nayo yamefikia asilimia 35.8 ya mashitaka yote ya jinai yaliyoripotiwa katika siku hizo. Akaongeza neno zito zaidi ya hesabu: ya kuwa baadhi ya watenda makosa ni jamaa wa karibu, au walezi, au watu wakaao nyumba moja na walioumizwa. Simu ya bure ya msaada, namba 1195, ambayo mwezi wa Februari ilipigiwa mara 86, mwezi wa Juni ilipigiwa mara 1,108. Na tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta aliamuru Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Uhalifu kiyachunguze mambo hayo. Wala si Kenya peke yake. Tarehe 5 Aprili mwaka ule ule António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliwasihi watu wa dunia nzima waweke amani majumbani kama walivyosihiwa kuweka silaha chini vitani.

Hesabu ya simu si hesabu ya waliopigwa. Ni hesabu ya waliokuwa na simu, na chaji, na mahali pa kusemea bila kusikiwa. Mwanamke ambaye mumewe ndiye ashikaye simu ya nyumbani hakuhesabiwa. Na mtoto wa miaka sita hakuhesabiwa, maana hajui hata kama neno alilotendewa lina jina.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba korona ndiyo iliyoyaleta. Twawauliza, kabla ya korona palikuwa na nini? Uchunguzi wa mwaka 2019, uliofanywa Kenya juu ya ukatili kwa watoto, ulionyesha ya kuwa katika kila vijana wa kike 100 wenye miaka 18 hata 24, karibu 16 walikwisha kutendewa ukatili wa kujamiiana kabla hawajatimiza miaka 18. Shirika la Afya la Dunia lasema karibu mwanamke mmoja katika kila watatu duniani amepata kupigwa au kulazimishwa katika maisha yake. Na uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 uliona ya kuwa wanawake 34 katika kila 100 wamepigwa tangu walipotimia miaka 15. Mambo haya hayakuzaliwa Machi 2020. Yalikuwapo, yamekaa chini kama makaa yaliyofunikwa majivu. Na miezi ile ilikuwa upepo tu.

Yuko atakayesema, "Lakini wanaume walipoteza kazi, na mtu asiye na unga hukasirika." Kweli, wengi walipoteza kazi. Wapagazi, mafundi, watumishi wa hoteli za pwani, wachuuzi wa sokoni, madereva, wote walikaa nyumbani mikono mitupu. Lakini tazameni mtaa wowote mnaoujua. Katika nyumba kumi zilizopatwa na njaa moja, nyumba ngapi zilipigwa fimbo? Mwanamume wa nyumba ya tatu alikosa unga kama wa nyumba ya nne, naye alikwenda kulima kibarua, au alikaa kwa huzuni mlangoni, wala hakumgusa mtu. Njaa ikiwa ndiyo sababu, basi na huyu angepiga. Tena mwanamke naye alikuwa na njaa ile ile, na mara nyingi alikula wa mwisho. Mbona hasira yake haikuvunja mkono wa mtu? Na habari ya pombe ni hivyo hivyo. Vilabu vilifungwa, watu wakanywa nyumbani mbele ya watoto wao, jambo baya. Lakini mlevi yule yule akikutana na askari njiani hukumbuka adabu yake mara moja. Hajapotewa na akili. Ajua ni nani awezaye kumpiga bila kuulizwa.

Neno ambalo kufungwa kwa nchi kulifanya kweli ni hili: kuliondoa mashahidi, na kukaziba njia za kukimbilia. Mwanamke aliyepigwa zamani alikuwa na mahali. Alikwenda kisimani akakutana na wenzake, wakaona jicho lake. Alikwenda sokoni. Alikwenda kwenye kikao cha akina mama siku ya Alhamisi, akakaa kimya, na kimya chake kikaeleweka. Mambo yakizidi alirudi kwao, wakwe wakaitwa, mume akaja na maneno ya kujitetea mbele ya watu. Desturi hizo hazikuponya kila kitu, lakini zilikuwa ua wa miiba. Sasa nchi imefungwa: mwanamke aliye Nairobi, na kwao ni Kakamega, ataipita vipi njia iliyowekwa askari? Akipigwa saa tatu ya usiku, atatoka aende wapi, naye ajua kwamba nje atakamatwa kwa kuvunja kafyu? Na wengi wa watu wa mijini hukaa chumba kimoja, mume na mke na watoto watano, pazia katikati. Watu wakaandika juu ya ukuta, "Kaa nyumbani." Hawakuuliza nyumba ipi.

Lakini hasara kubwa kuliko zote, sisi tulio walimu twaiona katika shule.

Watu wengi hudhani shule ni mahali pa kusoma na kuandika tu, na ya kuwa ilipofungwa watoto walikosa hesabu na jiografia, na ya kuwa yaliyopotea yanaweza kufundishwa upya kwa haraka. Wale wasemao hivyo hawajapata kusimama mbele ya watoto hamsini kila siku. Mwalimu wa darasa hujua watoto wake kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake. Huona ni nani ameacha kucheza. Huona mtoto akaaye upande mmoja katika dawati, kwa kuwa upande wa pili wauma. Huona msichana aliyekuwa wa kwanza katika kusoma, na mara sauti yake imekatika. Aitwapo jina hustuka kama aliyeamshwa usingizini. Kengele ya jioni ikilia, watoto hutoka mbio na makelele, lakini yuko mmoja aombaye kubaki afagie darasa, na zamu si yake. Leo hubaki, na kesho hubaki. Mwalimu mwenye macho hujiuliza: huyu ana nini na nyumbani kwao?

Kisha yako mambo madogo ambayo si madogo. Uji wa saa nne. Mwenzake mtoto, ambaye mtoto humwambia neno asiloweza kumwambia mtu mzima, na yule mwenzake hulileta kwa mwalimu wa kike kwa kunong'ona. Saa nane za mchana ambazo mtoto hayumo mikononi mwa mtu amdhuruye. Hayo yote yaliondolewa siku moja. Wakubwa wakaleta masomo katika redio na televisheni, na waliyatengeneza vizuri, hatukatai. Lakini redio husema tu, haina macho. Tangu katikati ya Machi hata tarehe 12 Oktoba, siku madarasa machache yaliporudi, na kwa wengi hata tarehe 4 Januari 2021, watoto wa Kenya hawakuwa na mtu wa nje aliyewatazama nyuso zao kila asubuhi. Katika Uganda ilikuwa vibaya zaidi, kwa maana huko shule hazikufunguliwa kwa watoto wote hata Januari 2022.

(Hatusemi walimu wote ni malaika. Wamo waliowaharibu watoto waliokabidhiwa, na Tume ya Kuajiri Walimu imewafuta katika daftari yake, nayo ilifanya vema.)

Walakini shule zilipofunguliwa, tulisikia kilio gani? Je, watu waliuliza, "Ni akina nani waliowadhuru binti zetu?" La. Waliuliza, "Wasichana wa siku hizi wamekuwaje?" Mwezi wa Juni 2020, habari za mimba za wasichana wa Machakos zilipoenea katika magazeti, nchi nzima ilibishana juu ya hesabu, kama ni kweli ama si kweli, wengine wakalaumu simu, wengine nyimbo, wengine mavazi, wengine mama zao. Walaumiwa walikuwa wengi, ila mmoja alisahauliwa: mwanamume. Mtu angedhani mimba huletwa na umande.

Basi tuwape hesabu ambayo haina ubishi mwingi. Wataalamu waliwafuata wasichana 910 wa shule za sekondari katika kaunti ya Siaya, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2022. Waliwalinganisha wale waliomaliza masomo mwaka 2019, kabla ya ugonjwa, na wale waliokatizwa na kufungwa kwa shule. Wale wa pili walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha shule kabisa. Fikirini vema. Wilaya ni ile ile, makabila ni yale yale, simu ni zile zile, na nyimbo ni zile zile. Lililobadilika ni kwamba mlango wa shule ulifungwa.

Hatusemi kwamba mimba zote zile zilipatikana kwa nguvu. Wako waliopewa sodo, ambazo mama hakuwa na fedha ya kuzinunua. Wako waliopewa unga kilo mbili wapeleke nyumbani, na nyumbani hawakuulizwa umetoka wapi. Wako waliopandishwa pikipiki bure mara tatu, na mara ya nne wakadaiwa. Lakini watu wasituambie, "Alikubali." Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 haijui neno hilo kwa mtoto. Mtu mzima alalaye na mtoto aliye chini ya miaka 18 amemnajisi. Mtoto akiwa wa miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha; akiwa wa miaka 12 hata 15, sheria yataja miaka 20 na zaidi; akiwa wa 16 hata 18, miaka 15 na zaidi. Msichana aliyekubali kilo mbili za unga hakukubali neno lolote. Aliuzwa, na mnunuzi yuko mtaani hapo, na Jumapili hukaa viti vya mbele.

Tena wengi wa wasichana hao hawakurudi. Kenya imekuwa na kanuni tangu mwaka 1994 ya kuwaruhusu kurudi shuleni baada ya kuzaa. Jirani zetu wa Tanzania waliwafungia mlango, wakaufungua tu mwezi wa Novemba 2021. Lakini kanuni ya Serikali haishindi ulimi wa kijiji. Msichana akirudi huitwa "mama fulani" na wenzake darasani. Na aliyempa mimba hurudi kazini kwake, wala hapana ambadilishiaye jina.

Sasa tuje katika jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji wetu, nasi hatuwezi kuliacha. Ni ile desturi ya kuyamaliza nyumbani. Mtoto akiharibiwa na mjomba, au na jirani, au na mtu mwenye mali, wazee hukutana. Hukaa chini ya mti, chai hupikwa, maneno mazuri husemwa juu ya udugu na amani. Mwisho hutolewa mbuzi wawili, au fedha, au shamba dogo, na baba hupokea. Mtoto hajaitwa kusema. Mama amekaa jikoni. Nao husema, "Funika kombe mwanaharamu apite." Miezi ya korona ilikuwa sikukuu ya wafunika makombe, maana walikuwa na udhuru tayari: mahakama zimepunguza kazi, askari wako njiani na kafyu, gari hakuna, basi na tusuluhishane wenyewe.

Na wajue wote wafanyao hivyo kwamba hawana mamlaka hiyo. Sheria ile ile ya mwaka 2006 yasema ya kuwa uamuzi wa kuacha kuchunguza au kushitaki kosa la namna hii haumo mikononi mwa askari wala mwa jamaa. Mwanzo ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu, na sasa ni wa Mkurugenzi wa Mashitaka ya Umma. Baba hawezi kuliuza kosa lile, kwa maana si mali yake. Chifu hawezi kulisamehe, mzee wa nyumba kumi hawezi, wala mchungaji hawezi. Wale mbuzi wawili si suluhu. Ni bei.

Twajua watakalotujibu wazee wa kanisa. Watasema, tusiwapeleke ndugu mbele ya mahakama, tuifunike aibu ya jamaa, tuombe. Twawaomba wakifungue Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, waisome yote, maana husomwa mara chache sana Jumapili. Humo imo habari ya Tamari binti Daudi, na twastaajabu jinsi ilivyo karibu na habari za mwaka 2020. Amnoni, ndugu yake, alijifanya mgonjwa. Ugonjwa ndio uliokuwa hila. Kwa ajili ya ugonjwa Tamari alitumwa na baba yake aende nyumbani kwa nduguye ampikie. Kwa ajili ya ugonjwa watu waliambiwa watoke nje. Na alipokwisha kumdhulumu alimtoa nje, na mlango ukafungwa nyuma yake. Yalipokwisha, Absalomu akamwambia dada yake anyamaze, kwa kuwa mtenda ni ndugu. Daudi alisikia, akakasirika sana, wala hakufanya neno. Ona, mfalme alikuwa na askari, na kiti cha hukumu, na hasira pia; ila hasira yake haikutoka katika chumba chake. Na ile nyumba iliyofunikwa kwa ajili ya amani, je, ilipata amani? Baada ya miaka miwili Amnoni aliuawa mezani, na baadaye mwana akamfukuza baba yake mjini. Wazee wanaosema kwamba kunyamaza hulinda jamaa, watuonyeshe mahali katika habari ile ambapo kulilinda.

Jambo moja tena katika habari hiyo. Tamari hakunyamaza. Alitoka nje na vazi lake lililoraruliwa, akaenda akilia njiani mbele ya watu. Hakujificha kama mkosaji. Wakubwa ndio waliomficha.

Kwa wake za watu tutasema kwa ufupi, ingawa jambo lenyewe si fupi. Mke apigwaye huambiwa avumilie, na hupewa maneno ya mtume Paulo juu ya utii. Na asomaye humsomea nusu, huacha yale aliyoagizwa mume. Huambiwa asiiache nyumba yake. Na sisi twasema vivyo hivyo: asiiache! Atoke aliyepiga. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani yampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, na kumzuia mpigaji asiikaribie nyumba, hata kama nyumba ni yake. Wangapi katika wasomaji wetu walikwisha kusikia hayo? Sheria imekaa miaka mingi kabatini, na mwanamke apita usiku na watoto wawili mgongoni na mkononi, akitafuta pa kulala.

Wako pia waume wapigwao na wake zao, na wavulana wanajisiwao. Kosa ni kosa, na waseme, wasione haya. Lakini atajaye habari yao ili tu azime habari ya wanawake hawahurumii hao wanaume wala hao wavulana.

Mwenye kusema kwamba hayo yote yamepita, na tumwulize: je, kufungiwa kulikwisha na korona? Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule Kenya majuma mawili, na watu wa nyumba nyingi wakalala makambini, wageni na wageni pamoja. Likizo ya mwezi wa Desemba huja kila mwaka. Na magonjwa yatakuja mengine. Wala haikuwa siri kwamba shule zikifungwa wasichana huangamia, kwa maana Sierra Leone ilikwisha kuonyesha hayo katika miaka ya Ebola, 2014 hata 2016. Shule zilifungwa karibu mwaka wa masomo mzima, mimba zikawa nyingi, na Serikali yao, badala ya kuwatafuta wanaume, iliwakataza wasichana wenye mimba kuingia darasani. Hata mahakama ya nchi za Afrika ya Magharibi ikaikosoa mwaka 2019, na katazo likaondolewa Machi 2020, mwezi ule ule nchi zetu zilipokuwa zikifunga shule.

Lakini katika Sierra Leone hiyo hiyo lilionekana neno jema, nalo ndilo twataka lishikwe. Kulikuwa na vijiji vilivyokuwa na vyumba vya kukutania wasichana, vilivyowekwa na shirika la BRAC, na vijiji visivyokuwa navyo. Wataalamu walivitazama vyote. Katika vijiji visivyokuwa na vyumba, shule zilipofungwa wasichana wadogo walitumia saa nyingi pamoja na wanaume, mimba zikazidi sana, na wengi hawakurudi shule. Katika vijiji vyenye vyumba mambo hayakuwa hivyo. Mimba zilipungua sana, na wasichana wakarudi madarasani. Ugonjwa ulikuwa ule ule na njaa ile ile. Tofauti ilikuwa chumba, na mwanamke mkubwa aliyekaa humo, na saa fulani za siku ambazo msichana alikuwa na mahali pa kwenda.

Chumba kama hicho hakihitaji fedha za Ulaya. Karibu kila usharika una nyumba ya mikutano, ambayo hufunguliwa kwa arusi na kwa harambee, na siku nyingine popo hukaa humo peke yao. Tena yako mambo ambayo kila mkristo ajuaye kusoma apaswa kuyajua kwa moyo kama ajuavyo amri kumi. Aliyenajisiwa apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI haifai baada ya hapo. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Zifungwe katika karatasi au kitambaa, si katika mfuko wa plastiki, maana zitaoza na ushahidi utapotea. Polisi wana fomu iitwayo P3, ambayo daktari huijaza. Simu ya watoto ni 116, na ile 1195 tuliyoitaja ni ya watu wote. Zote mbili hupigwa bure. Yaandikwe mlangoni pa kanisa, karibu na tangazo la sadaka, mahali ambapo mke aweza kusoma bila kuonekana kwamba asoma.

Basi wazee watakapokutana mwezi ujao, na waandike katika daftari ya kikao jina la mtu atakayeshika ufunguo wa nyumba ya mikutano usiku, na jina la mama mmoja wa usharika atakayelala humo ikihitajika, na fungu la sadaka litakalolipa nauli ya kwenda hospitali.